Mizani Haipimi Lori, Inapima Ekseli

Ukikaa na madereva pale Tunduma, mpakani mwa Tanzania na Zambia, wakati foleni ya kuvukia Nakonde haisogei, mazungumzo hayachelewi kufika kwenye mizani za barabarani. Kila mmoja ana kisa chake, na vingi vinaanza vilevile: "Uzito wangu wa jumla ulikuwa safi, lakini wakanishika." Anayesema hivyo husema kwa uchungu wa mtu aliyeonewa. Mimi barabara hii ya kutoka Dar es Salaam kwenda Zambia nimeianza nikiwa utingo, baadaye nikakabidhiwa usukani, na niliowaona wakinaswa kwa uzito wa jumla ni wachache. Wengi wananaswa na ekseli, yaani uzito unaoangukia mhimili wa magurudumu. Mzigo ni halali, karatasi ni halali, ila umekaa mahali pasipo pake.

Tuanze na namba, maana bila namba haya yote ni malalamiko. Tunayoifuata sasa ni Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitumia 2019. Ekseli ya usukani mwisho wake tani 8. Ekseli moja yenye matairi manne, tani 10. Difu mbili zinazofuatana, yaani ekseli za nyuma zinazosukuma gari, kila moja na matairi yake manne, tani 18 kwa pamoja. Ekseli tatu za tela, tani 24 kwa pamoja. Na gari zima, hata ulifunge ekseli ngapi, halivuki tani 56. Waliofunga yale matairi mapana ya moja moja kwenye tela wajue kwamba viwango vyao viko chini zaidi, na hapo wengi wamelia.

Gari tunaloendesha sana ni kichwa cha difu mbili na tela la ekseli tatu. Jumlisha: 8, 18 na 24 ni 50. Kichwa na tela vikiwa vitupu, na mafuta ndani, vinakula kama tani 17, kwa hiyo kinachobaki cha kubeba ni tani 33 hivi. Ndiyo maana tajiri, mwenye gari, akipata mzigo wa tani 33 analala usingizi mzuri, anajua hesabu imekaa. Kumbe zile 50 hujapewa kwa pamoja. Umepewa viwango vitatu, na nafasi iliyobaki kwenye kimoja haifidii kilichozidi kwenye kingine. Unaweza kuwa na tani 45 kwenye lori la tani 50 na bado ukawekwa pembeni.

Vijiweni utasikia kwamba mizani ni mradi wa kukusanya fedha tu. Sikatai kwamba fedha zinaingia, tena tozo yenyewe imepangwa kwa dola na inapanda kwa kasi kadiri kilo zinavyozidi. Lakini lami nayo ina hesabu yake. Kati ya mwaka 1958 na 1960 Wamarekani walijenga vipande vya barabara karibu na mji wa Ottawa, jimbo la Illinois, wakaweka askari wa jeshi kuendesha malori ya uzito mbalimbali, wakizunguka na kuzunguka mpaka lami ikachoka. Kilichotoka pale, na ambacho wahandisi wa barabara wanakitumia hadi leo kukadiria mambo, ni kwamba uharibifu hauongezeki sambamba na uzito. Unakwenda takriban kwa kipeo cha nne. Ekseli ya tani 12 badala ya 10 imezidi kwa moja ya tano tu, lakini inaitafuna lami kama mara mbili. Na ekseli ya tani 10 ukiilinganisha na ya gari dogo yenye tani 1, tofauti haiwi mara kumi, inakuwa kama mara elfu kumi. Kwa hesabu hiyo, mwenye gari dogo anayelalamika kwamba malori ndiyo yanayomaliza barabara anasema kweli, ingawa sipendi kumkubalia akiwa mbele yangu.

Sisi wenyewe tunauona uharibifu huo kabla ya mhandisi. Kwenye miinuko, angalia upande wa kupanda: lami imebonyea mifereji miwili inayolingana na matairi yetu. Upande wa kushuka haujaharibika kiasi hicho. Malori yanapanda polepole, jua limeilainisha lami, na uzito unakaa mahali pamoja kwa muda mrefu. Mvua ikijaza mifereji hiyo, tairi likiingia humo usukani haukusikii tena. Barabara hii ya Tanzam ilijengwa baada ya Rhodesia kujitangazia uhuru mwaka 1965 na Zambia kulazimika kutafuta njia nyingine ya kwenda baharini. Kabla ya lami, madereva waliokuwa wakipeleka mafuta kule na kurudi na shaba waliipita kwa vumbi na tope, na wengi hawakurudi makwao. Wazee waliowahi kuipita enzi hizo hawakuwa na mzaha na mtu anayeiharibu.

Dereva aliyenifundisha kazi alikuwa mwenyeji wa Mbeya, mwongeaji wa kila kitu, mpira, ndoa, bei ya viazi, na alikuwa na sharti moja: gari likipakiwa, hakuna kulala. Matingo wengine walikuwa wakitandika mkeka chini ya tela mpaka waitwe kufunga turubai. Mimi nilikuwa nasimamishwa juu ya tela na kipande cha chaki. Alikuwa amechora mistari ubavuni mwa tela, na kila gari alilokabidhiwa alichora mistari yake upya, kwa sababu tela mbili zinazofanana kwa macho hazifanani kwenye mizani. Moja kingpini yake, ile pini inayolishikisha tela kwenye kichwa, imesogezwa mbele kidogo, nyingine ekseli zake zimekaa nyuma zaidi. "Kijana," alikuwa akiniambia, "shuka ukaangalie springi." Nashuka, naangalia springi za difu zimebonyea kiasi gani na za tela zimebonyea kiasi gani, napanda kumweleza. Akisikia za difu zimekaribia kunyooka huku tela bado lina mgongo, anamsimamisha mwenye foko na kumwomba kwa heshima zote arudishe pakiti inayofuata nyuma. Akikataliwa, heshima zinaisha.

Njia hiyo inafaa kwa mzigo unaouona. Kwa kontena haifai.

Kontena linafika kwako limefungwa na lakiri ya forodha. Huruhusiwi kulifungua na huna haja ya kulifungua, kwani karatasi zinasema kila kitu, au ndivyo unavyoambiwa. Tangu tarehe 1 Julai 2016, kanuni za kimataifa za usalama wa meli zinataka kila kontena lithibitishwe uzito wake kabla ya kupandishwa melini. Ni kanuni nzuri, kabla yake watu walikuwa wakiandika tani za kubuni. Lakini karatasi ile inakupa jumla. Haikwambii tani hizo zimelalia wapi ndani ya futi 40.

Kisa ninachokisimulia sana kwa vijana ni cha kontena la vifaa vya ujenzi lililokuwa linakwenda Lubumbashi. Aliyelipakia huko lilikotoka alianza na vigae, akavipanga kuanzia ukuta wa mbele hadi alipochoka, kisha mlangoni akamalizia na masinki na mabomba ya plastiki. Kwa mtu wa ghala ni upangaji mzuri tu, vitu vizito vimeingia kwanza na milango inafungika. Tulipofika mizani ya Vigwaza, tiketi ilisoma usukani tani 6.9, difu 19.6, tela 18.2. Jumla tani 44.7. Tulikuwa chini ya 50 kwa zaidi ya tani 5, na difu zimezidi kwa tani 1.6. Uvumilivu wa asilimia 5 unaoruhusiwa kwenye ekseli unakufikisha 18.9 kwa difu mbili, basi. Wakatuelekeza uwanjani.

Mzigo wa magunia ungekuwa hapo, tungewaita makuli, tukafungua turubai, tukahamisha magunia nyuma, jioni tungekuwa barabarani. Kontena lenye lakiri huligusi. Wakala wa forodha alipigiwa simu, tajiri akapiga simu zake, kila mtu akamuuliza mwenzake kwa nini. Aliyetoa jibu alikuwa mwendesha kreni mmoja wa bandari kavu, na jibu lake lilikuwa jepesi mpaka watu wakakasirika: ligeuzeni. Kontena linyanyuliwe, lizungushwe, milango itazame kichwa cha gari badala ya kutazama nyuma. Vigae vitahamia upande wa tela. Ruhusa ilitafutwa, kreni ikaletwa, kontena likazungushwa, lakiri haikuguswa. Tulipopanda mizani tena: usukani 6.8, difu 17.4, tela 20.5. Jumla ileile, 44.7. Gharama ya kreni na siku zilizopotea ilikuwa kubwa kuliko faida ya safari, na kampuni iliyokuwa imetuajiri ilitaka sehemu yake ikatwe kwenye posho ya dereva, ambaye kontena hilo hakulipakia, hakulifungua, wala hakujua ndani kuna nini zaidi ya neno "vigae" kwenye karatasi.

Tangu hapo, kontena lolote la mzigo mchanganyiko ninaomba orodha ya upakiaji ikiwepo, na kabla ya kuondoka mjini ninataka gari lipite kwenye mizani ya binafsi inayopima ekseli moja moja. Ada yake ni ndogo. Mizani za viwandani zinazokupa namba moja tu ya gari zima hazinisaidii.

Shaba inakuja na tabia nyingine. Mtu asiyeizoea akiona tela lenye shaba kutoka Kolwezi anadhani dereva anarudi karibu mtupu, kwa sababu mafurushi ya zile bamba yako chini, hayafiki hata magotini, na katikati kuna nafasi wazi. Nafasi ile imeachwa makusudi. Furushi moja lina tani kama 2 na zaidi, hivyo ukilisogeza hatua moja umehamisha uzito wa gari dogo. Fungu moja linakaa karibu na kingpini, jingine juu ya ekseli za tela. Wapakiaji wa migodini wanalijua hilo kuliko sisi, na mara nyingi shaba ndiyo mzigo wenye amani zaidi kwenye mizani, ukitoa wezi. Zambia nao jumla yao ni tani 56, na ukitoka kwao umeshapita mizani za Kapiri Mposhi na Mpika, kwa hiyo ukifika mizani ya Mpemba, upande wetu wa mpaka, unajua hali yako.

Niliwahi kuendesha tenki la mafuta kwa kipindi, na huko nilijifunza jambo ambalo kwenye mzigo mkavu halionekani: uzito unaweza kuzidi baada ya kushusha. Kwanza kabisa, lita si kilo. Lita 40,000 za dizeli zina tani kama 34, lakini lita hizohizo za petroli ni kama tani 30. Dereva aliyezoea petroli akijaziwa dizeli hadi alama ileile, ameshazidisha akiwa bado getini. Pili, tenki limegawanywa vyumba, na chumba cha mwisho kwa matenki mengi kinaning'inia nyuma ya ekseli za tela. Ukishusha Morogoro ukaanza na chumba hicho kwa sababu mpira wa kushushia unakifikia kirahisi, kichwa kinaongezewa uzito. Ni kama mtu aliyebeba mzega begani: toa kapu la nyuma, uone la mbele litakavyomwelemea. Kwa hiyo unapita Mikumi na mafuta machache kuliko uliyotoka nayo Dar es Salaam na difu zimezidi. Ukiamua badala yake kumaliza vyumba vyote vya mbele kwanza, mizani itakupenda, ila ukifika mlima wa Kitonga mvua inanyesha, difu hazina uzito wa kukamata lami na matairi yanazunguka hapohapo. Mpangilio wa kushusha unatakiwa ujulikane kabla ya kujaza, na anayepanga ratiba ofisini mara nyingi anaangalia ni kituo gani kiko karibu, hana habari na vyumba.

Mbao za Mafinga nazo zina ugomvi wake. Mbao mbichi ina maji mengi kuliko mtu anavyofikiri, na muuzaji anahesabu vipande, hahesabu tani. Ukipakia kiangazi na ukipakia masika, idadi ileile ya vipande haikupi uzito uleule. Halafu safarini mvua inaongeza yake: turubai lililolegea linashika maji kama dimbwi, na mbao za juu zinakunywa. Nimewahi kupita mizani ya kwanza nikiwa sawa na Mikumi nikaambiwa nimezidi, bila kuongeza hata ubao. Siku hizo za mvua nasimama kabla ya mizani, tunapanda na utingo kumwaga maji ya turubai. Wapita njia wanadhani tunaoga.

Hapo ndipo linaingia lile suala la asilimia 5 ambalo limewagombanisha watu wengi. Oktoba 2013, Waziri wa Ujenzi wakati huo, John Magufuli, alifuta msamaha wa asilimia 5 uliokuwa ukitolewa kwa magari yaliyozidi kidogo. Wamiliki wakasimamisha malori, mizigo ikakwama, na Waziri Mkuu Mizengo Pinda akaagiza utaratibu wa zamani urudi wakati jambo likizungumzwa. Nilikuwa miongoni mwa waliosimama, na nilichokiona pale kwenye mstari wa malori ni kwamba pande zote mbili zilikuwa na hoja. Wapo waliokuwa wameifanya ile asilimia 5 kuwa sehemu ya mzigo: wanapakia hadi ukingo wake, kisha mvua au springi moja iliyochoka inawavusha, wanalia. Lakini bila uvumilivu wowote, dereva mwaminifu anaadhibiwa kwa tofauti kati ya mizani moja na nyingine, na tofauti hiyo ipo, kila dereva anayetunza tiketi zake anaiona. Msimamo wangu haujabadilika: asilimia 5 ni ya mvua na springi, si ya magunia.

Kuhusu springi, wenye matela wanisikie. Ekseli tatu za tela zinatakiwa zigawane mzigo. Springi ya ekseli moja ikivunjika jani, au fundi akafunga springi mpya upande mmoja na kuacha za zamani upande wa pili, ile iliyo ngumu ndiyo inabeba. Na ukiwa na ekseli ya kunyanyua, hakikisha imeshuka na imekanyaga kweli, si imegusa tu. Pia namna ya kupanda mizani ni ufundi. Ukiingia kwa kasi na kukanyaga breki, gari linainama mbele na breki zilizokaza zinashikilia uzito mahali ambapo si pake. Ingia polepole, liache lisimame lenyewe, achia breki unapoambiwa. Pale Vigwaza kuna kipimo kinachokupima ukiwa unatembea, na anayekipita kwa kuruka ruka anajitafutia kupelekwa kwenye mizani ya kusimama hata kama hana kosa.

Vipimo vya ukubwa nitavipita haraka, kwa sababu kwa mzigo wa kawaida havitusumbui. Gari lililounganishwa na tela halivuki mita 22, na ukitoa nondo nyuma ya tela unafunga kitambaa chekundu na unaomba Mungu askari awe amekula. Habari ni tofauti ukipewa lobedi, lile tela la chini la mizigo mikubwa, lenye greda au transfoma. Huo ni mzigo wa kibali maalumu, unasindikizwa, unatembea mchana, na kibali kinataja njia utakayopita. Usidhani kibali cha upana kinakusamehe uzito wa ekseli. Ndiyo maana malobedi makubwa yana ekseli nyingi mpaka mtoto anashindwa kuzihesabu.

Wako watakaosema dawa ni kukwepa mizani usiku kwa njia za panya. Nimeyaona malori yaliyojaribu yakiwa yamezama kwenye kalvati ya kijiji, na wanakijiji wamekatiwa njia ya kwenda shamba. Sheria inalihesabu hilo kuwa kosa peke yake, na mbali na sheria ni uhuni.

Na tajiri wangu wa sasa tumeelewana hivi, kwa maandishi. Jumla ikizidi, ni juu yake na mwenye mzigo, kwa kuwa wao ndio waliokubaliana tani. Ekseli ikizidi na mimi nilikuwepo wakati wa kupakia, ni juu yangu. Ekseli ikizidi kwenye kontena lenye lakiri ambalo halikupita mizani ya ekseli mjini, ni juu ya yule aliyesema hakuna muda wa kupima. Alisaini kipengele hicho cha mwisho baada ya kukisoma mara mbili. Tulichoshindwa kukubaliana mpaka sasa ni mvua kwenye mbao: yeye anasema turubai ni la dereva, mimi nasema turubai lenyewe lina matundu na nimeomba jipya tangu kiangazi.